Seli za Simiyu Zikifa Mikononi Mwako

Endebess, jioni ya kuamkia safari yako

Nekesa mwanangu,

Juzi uliniuliza swali, nikabeba ndoo nikaenda kukamua, na sote wawili tunajua ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa. Ulibaki mlangoni umeshika kikombe cha chai. Nilikuona. Nilikaa zizini nikimkuna Malkia shingo mpaka ulipochoka kusubiri ukaingia ndani, na tangu hapo mimi na wewe tumekuwa tukizungumza habari za soksi.

Swali lenyewe lilikuwa hili: "Mama, siku nikiziua, utanichukia?"

Nimeshindwa kukujibu kwa mdomo kwa sababu mdomo wangu una haraka. Umenifukuzia wateja wa maziwa, umenifukuzia na mashemeji. Kalamu angalau inaninyima nafasi ya kupayuka. Baba yako yuko stoo na sanduku lako, amelitundika kwenye mizani ya mahindi na anagombana na watu wa ndege ambao hata hawamsikii. "Ati mtu anaenda kukaa miaka na anabeba mzigo ya wiki moja! Si afadhali waseme tu asiende!" Ametoa jozi ya viatu, ameongeza unga wa wimbi. Usiutoe huo unga hata ukifika huko ukakuta maduka yamejaa unga. Habari za baridi, za wanaume na za kusali, shangazi yako amekwisha kuzimaliza, na akisema shangazi yako hakuna kinachobaki cha kusemwa.

Kwa hiyo mimi nitajibu swali tu. Lakini nitazunguka kwanza, unanijua.

Ulikuwa kidato cha pili, uko bweni, mdogo wako Simiyu alipoanza kumwaga maziwa. Kila jioni nilikuwa nikimtuma na birika kwa jirani, na birika likawa linafika nusu. Nikamgombeza. Nikasema anacheza njiani. Kisha yakaja maumivu ya kichwa, asubuhi tu, na kutapika, halafu ikifika saa ya chai yuko sawa anakimbiza kuku. Ukiwa mama wa mtoto wa darasa la tano, ugonjwa unaokuja asubuhi ya shule na kuondoka saa ya chai unalijua jina lake. Nilimpa dawa ya minyoo. Nikamwambia hesabu hazijawahi kumuua mtu. Akawa anatembea ametanua miguu kama mlevi wa Krismasi, watoto wa jirani wakimcheka, na siku moja na mimi nikacheka, na yeye akacheka kwa sababu mama yake amecheka.

Sikuandiki hayo ili unihurumie. Yamenifundisha jambo moja ambalo siku hizi nalitumia hata kwa ng'ombe: kiumbe akibadilisha mwendo, nyamaza, mfuate nyuma, mwangalie. Utafanya kazi ya kuangalia. Usiwe na haraka ya kujua jina la unachokiona.

Aliyemwangalia Simiyu sawasawa ni Kukhu, bibi yenu wa Lugulu, alipokwenda kwake likizo. Hakumgombeza. Alimshika mkono akampeleka hospitali ya misheni, na daktari wa pale akamwambia atembee kwa kufuata mstari wa sakafu. Alishindwa mstari, mwanangu. Mtoto aliyekuwa akitembea juu ya ukuta wa tangi la maji. Kutoka hapo ikawa Eldoret, kisha hospitali kubwa Nairobi, na picha ya kichwa yenye kitu cheupe upande wa kisogo.

Siku ya upasuaji daktari mmoja kijana, yule mwanamke mwenye sauti ya chini, alichuchumaa mbele yangu kwenye benchi. Akasema, "Mama, tutatoa uvimbe. Kipande kitaenda kupimwa. Tunaomba kingine kidogo, wenzetu wajaribu kukikuza maabara, tuuelewe huu ugonjwa wa watoto. Ukikataa, mtoto atatibiwa vilevile."

Baba yako aliniangalia mimi. Wanaume wetu ni wakali mpaka wakutane na daktari. Nikauliza, "Mtakirudisha?"

"Hapana, mama. Hakitarudi."

Nikasema chukueni. Nilisema haraka, kama mtu anayemwambia mgeni chukua kiti. Nilidhani tukitoa kwa moyo mweupe, naye atapona. Hilo sikumwambia mtu, wala daktari hakuniahidi. Ni biashara niliyoifanya na Mungu peke yangu, na Mungu hakuwa ameketi mezani.

Alirudi nyumbani, unakumbuka, bila nywele, akipanda trekta na baba yako na kuamuru kila mtu. Mahindi yalipovunwa alikuwa mzima. Mahindi mengine yalipopandwa kile kitu kilikuwa kimerudi. Alifariki hapa hapa, chumba cha kati, mvua ikinyesha, nikiwa nimemshika mguu kwa sababu kichwa kilikuwa kikimuuma hakutaka kiguswe. Hadi leo mguu ule naukumbuka kuliko uso. Naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Tulimpeleka Lugulu kwa baba zake. Baba yako, ambaye hajawahi kuweza kuficha kitu mbele ya mama yake, akamwambia Kukhu habari za kile kipande. Wewe ulikuwa nje na wasichana wenzako, huenda hukusikia.

"Mnaniletea mtoto nusu?" Kukhu akauliza.

"Ni kitu kidogo tu, mayi," baba yako akamwambia mama yake. "Kama punje ya mahindi."

"Hata kama ni punje. Mtu anarudi kwa wenyewe akiwa mzima."

Akatoka nyuma ya jiko. Nilidhani amekwenda kulia. Akarudi na kipande cha shina la mgomba, kidogo, kinatona maji, amekifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, na kabla jeneza halijafungwa akakiweka kando ya sikio la Simiyu. Mchungaji akawa ghafla ameona kitu cha kuvutia juu ya paa. Mimi ni mtu wa mlimani, si wa kabila lao. Kiswahili ndicho kilichonikutanisha na baba yako, na mambo ya kwao mengi nimeyajua kwa kuchungulia. Nilidhani ile ni dawa. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba mtu wao akipotelea mbali, mwili usipatikane, huzikwa mgomba mahali pake ili naye apumzike. Kukhu aliona kama mtu mzima huzikiwa mgomba mzima, basi punje huzikiwa kipande. Hakumuuliza mtu. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote nilizokuwa nikimwogopa.

Sasa shida ikaja. Nilikuwa Kitale nashusha mitungi ya maziwa, simu ikaita, nikasikia ile sauti ya chini ya yule daktari. "Mama Nekesa, nilikuahidi nitakueleza. Zimeshika. Seli nyingi tukizichukua hufa baada ya muda. Za Simiyu zinakua."

Mwanangu, niliketi juu ya mtungi barabarani. Watu wakadhani nimepata habari ya msiba. Mimi nilikuwa nimesikia maneno mawili tu, Simiyu na zinakua, na nikayaunganisha vile nilivyotaka.

Nilimpigia Kukhu nikiwa na furaha. Yeye alishtuka. "Yaani tumezika kitu haijakufa? Huwezi zikia mtu mgomba na yeye anakula mahali!" Alitaka kaburi lifunguliwe, kile kipande kitolewe. Baba yako akasafiri hadi Lugulu kumtuliza, na walikubaliana tu kwamba hawakubaliani. Tangu siku ile kila tukimtembelea, Kukhu hupita mbali na kaburi lile akilitazama kwa pembe ya jicho, kama mtu aliyefunga mlango na hana hakika kama amewasha au amezima taa.

Lakini mimi! Mimi nilikuwa nimepata mtoto wa bweni. Hivyo ndivyo nilivyofanya akilini. Nilijiambia yuko mahali, analishwa, yuko kwenye joto, kuna watu waliosoma wanaomtazama. Kila ilipofika siku yake ya kuzaliwa nilimpigia daktari kumuuliza, "Hawajambo?" Naye, Mungu ambariki, alijibu, "Hawajambo, mama, bado wanakua." Nilinunua kipande cha keki nikala peke yangu nyuma ya kituo cha maziwa. Mteja mmoja mgeni aliniuliza nina watoto wangapi, nikamjibu wawili, mkubwa yuko nyumbani amemaliza shule na mdogo yuko bweni. Sikuona hata kama ni uongo. Niliendelea kumpimia maziwa.

Wewe ndiye uliyenivurugia. Tulikuwa barazani tunapukuchua mahindi, wewe umemaliza kidato cha nne na biolojia imekujaa hadi puani. Nikasema, sijui hata kwa nini, "Simiyu naye huko aliko sasa ni mkubwa." Ukaacha kupukuchua. Ukasema, "Mama, wacha. Hiyo si Simiyu. Ni ile kitu ilimuua."

Nilikutupia gunzi. Likakupata juu ya jicho, na ile alama unayo. Halafu nikakuadhibu kwa kimya, nikakuwekea chakula mezani bila neno mpaka mahindi yote yalipoingia stoo. Sikukasirika kwa sababu umekosea. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa umemwua mtoto wangu mara ya pili, na mara hii nilikuwa na mtu wa kutupia gunzi.

Ukaja shambani siku moja nikiwa napambana na sangari. Mtu asiyelima huiona nyasi ya kawaida. Mwenye shamba huku anajua sangari ni laana, ukiikata kipande, kipande kinaota. Ukikitupa kando ya njia, kinaota pale pale. Ukainama ukang'oa na mimi kimya kimya. Kisha ukachukua mzizi mmoja ukasema, "Mama, ni kama hii. Iliota kwa kichwa yake. Walichukua kipande wakapanda kwa mkebe. Wanailisha, ikijaa wanaigawa kwa mkebe ingine."

"Nani anapanda sangari?" nikakuuliza. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwako baada ya muda mrefu.

"Mtu anayetafuta dawa ya kuiua bila kuua mahindi."

Nilikaa chini kwenye mtaro. Ukakaa na wewe. Ukaniambia zile seli zina vyote alivyorithi Simiyu kutoka kwangu na kwa baba yako, kwamba ni zake kweli. "Ni zake, Mama, lakini si yeye." Nimeyageuza maneno hayo kama mtu anayegeuza sarafu asiyoijua. Akili yangu iliyakubali pale pale kwenye mtaro. Moyo wangu haukuinuka kwenye mtungi wa maziwa. Niliendelea kuipenda ile sangari, Nekesa, kwa sababu iliota kwenye udongo wa mwanangu, na mahali pengine popote hapakuwa na kitu chake kinachoendelea.

Ndipo ukasoma, ukafanya kazi kwenye ile maabara ya Kitale ukipima malaria, ukaomba nafasi, na barua ikaja kwamba unakwenda Uholanzi kusomea kazi hiyo hiyo: kukuza seli za uvimbe wa ubongo wa watoto. Na ndiko kulikopelekwa sehemu ya seli za Simiyu. Baba yako aliruka. Mimi nililia, na wote mkadhani nalilia kuachwa. Nilikuwa nalia kwa wivu. Nilisema moyoni, atamwona.

Nikakuomba unitafutie chupa yake. Ukanijibu kwa upole, ukifunga kamba ya kiatu ili usinitazame. "Mama, huko hakuna majina. Ni namba. Siwezi jua ni gani, na hawaruhusu mtu kutafuta. Inaweza kuwa nitazishika na sitajua." Ukainuka ukachukua kikombe chako cha chai, na ndipo likaja lile swali, kwamba kazi yenyewe ni kuziwekea dawa hii na ile mpaka ipatikane inayoziua, na siku moja itapatikana, na itakuwa mikononi mwako. Mimi nikabeba ndoo.

Jumapili tulipokwenda Lugulu ili umuage Kukhu, ulikuwa umetoka kuchuma mboga. Akaniuliza unaenda kusomea nini hasa. Nikamweleza. Akaendelea kudondoa mawe kwenye wimbi. Kisha akauliza, "Hiyo kitu bado iko?"

"Iko, mayi."

"Ile jambazi ilikula mtoto yetu, bado inapewa chakula? Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Na inakaa kwa joto?"

"Inakaa kwa joto."

Akasukuma ungo kando. "Sisi wazee tunalala na baridi, jambazi inalala kwa joto! Mwambie huyo msichana akifika huko aimalize. Asichelewe ati anasoma."

Nilicheka mpaka mchungaji jirani akachungulia. Halafu kicheko kikageuka, nikaenda nikasimama karibu na kaburi, mahali ambapo Kukhu hapiti. Nikaona kwamba miaka hii yote nimekuwa nikimsalimia jambazi. Nimemnunulia keki. Nimemwambia mteja kwamba yuko bweni. Na Simiyu mwenyewe, aliyechoka, aliyetaka kichwa kisiguswe, nimemwacha amelala pale bila kumwambia lala salama, kwa sababu nilikuwa nikimngoja afunge shule.

Hivyo basi nakujibu.

Ziue, mwanangu.

Usimtafute ndugu yako kwenye chupa. Usiipendelee moja kwa sababu imekua kwa ukaidi kama yeye, wala usiitendee nyingine kwa upole ukidhani huenda ni yeye. Sikukuzaa uwe mlinzi wa kaburi, na kama niliwahi kukufanya uhisi kwamba unakwenda huko kwa niaba yangu, ondoa hilo sandukuni pamoja na vile viatu. Ukichoka na kazi hiyo ukataka kufanya nyingine, fanya. Ukipenda, endelea. Kuna mama mwingine mahali fulani asubuhi hii amempa mtoto wake dawa ya minyoo.

Je, nitakuchukia? Hapana. Nitaumia, na sitakudanganya kwamba sitaumia. Siku utakayoniambia zimekufa, sitajua kama ni zake, na nitaomboleza kana kwamba ni zake. Najua utataka kunifariji kwamba kuna nyingine zimehifadhiwa kwenye barafu na haziwezi kuisha. Usiniambie za kwenye barafu. Niache nilie mara moja tu, na nimalize.

Maana nimewaza juu ya mgomba wa Kukhu. Aliuzika kwa ajili ya kitu kilichokuwa bado hai, na amekosa amani tangu hapo. Wewe ndiye utakayemrudishia amani hiyo. Siku dawa itakapozishinda, yale mazishi tuliyoyafanya kabla ya wakati yatakuwa ya kweli, na mtoto wetu atakuwa amerudi mzima kwa wenyewe.

Kwa hiyo siku hiyo nipigie. Usinitumie ujumbe, nipigie nisikie sauti yako, na nikichelewa kushika ujue nina mikono yenye maziwa, acha iite. Mimi na baba yako tutashuka Lugulu. Nitamshika Kukhu mkono, tutembee mpaka pale.

Baba yako ananiita nije nisome mizani, anasema macho yake hayaoni vizuri. Macho yake yanaona vizuri. Analia mle stoo na hataki kuwa peke yake. Naenda.

Nitakukosa, Nekesa. Nitakukosa mlangoni na kikombe, nitakukosa barazani na mahindi, nitakukosa hata ukiniudhi. Sasa nina watoto wawili walio mbali, na mmoja wao nilikuwa nikidanganya juu yake. Kuanzia kesho mtu akiniuliza Kitale watoto wangu wako wapi, nitatua mtungi chini na kumjibu sawasawa: mkubwa yuko ng'ambo, kazini. Mdogo amelala Lugulu.

Mama yako